Injili iko wapi katika somo la Jumapili? Maelezo kwa wanaoongoza ibada mtaani

Msikilizaji, ukipita mbele ya kibao cha KKKT popote pale, iwe hapa Msasani, Tukuyu mjini au kule Mwakaleli, ile K ya pili inasimama badala ya neno Kiinjili. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania. Kanisa hilo lilizaliwa mwaka 1963, makanisa saba ya Kilutheri yalipoungana. Jina tunalitaja kila siku na ni mara chache tunalifikiria. Leo tunaeleza neno hilo lina kazi gani mtu anapofungua Biblia, na tunamlenga zaidi ndugu yetu mwinjilisti au mzee wa kanisa ambaye Jumapili hii zamu ni yake, kwa kuwa mchungaji yuko mtaa mwingine wa usharika.

Hali hiyo si ngeni kwetu. Wamisionari wa Berlin, wakiongozwa na Alexander Merensky, walifika nchi hii ya Konde mwaka 1891, mwaka uleule waliofika ndugu zetu Wamoraviani pale Rungwe. Manow na Mwakaleli ni miongoni mwa vituo vya kwanza vya Walutheri. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipoingia, wamisionari wa Kijerumani waliondolewa, na Neno likabaki mikononi mwa waalimu na wazee wenyeji. Leo Dayosisi ya Konde ina makao yake makuu Tukuyu, lakini katika mitaa mingi anayesimama mbele ya watu Jumapili bado ni jirani yao, aliyekuwa shambani hadi Jumamosi jioni.

Sasa neno lenyewe. Injili maana yake ni habari njema. Limetoka Kigiriki, likapitia Kiarabu, likatufikia. Kwa kawaida tunaliita Injili lolote linalohubiriwa, tena siku hizi hata muziki una jina hilo. Martin Luther na wenzake walilibana zaidi. Kwao, Sheria ni yale Mungu anayomdai mtu. Injili ni yale ambayo Mungu amemfanyia mtu katika Yesu Kristo, bure. Zote mbili ni Neno la Mungu, na zote zimo katika Agano la Kale na Agano Jipya. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530 linalitambua kanisa kwa alama mbili: Injili inayofundishwa sawasawa na sakramenti zinazotolewa inavyopasa. Kwaya nzuri haimo katika alama hizo, wala ukubwa wa jengo.

Kiswahili chetu kinasaidia sana hapa. Chukua somo lako, liwe kwenye kitabu au kwenye simu, ulisome kwa sauti ukisikiliza vitenzi. Ukikutana na «usi-», au kitenzi cha kuamuru kinachoishia na «-eni», mara nyingi umesimama kwenye Sheria. Ukikutana na «ali-», «ame-» au «ata-», na mtendaji ni Mungu, sogea karibu, huenda Injili iko hapo. Kipimo hiki si cha kufuatwa kama mizani ya dukani. Malaika anapomwambia mtu «usiogope», kwa sarufi ni katazo, lakini kwa maana ni faraja tupu. Na maneno ya Yesu ya kuwaita wanafunzi watwae na kula yana umbo la amri, ila yanampa mtu kitu badala ya kumdai.

Tumwangalie Zakayo, Luka 19:1-10. Hadithi hii kila mtoto wa Shule ya Jumapili anaijua, na mahubiri yake tumeyasikia sana: panda mkuyu kama Zakayo, rudisha ulichodhulumu, ndipo Yesu ataingia kwako. Ni mahubiri yenye nguvu, ila yamegeuza mpangilio. Msomaji akirudi kwenye mistari ataona Yesu ndiye anayesimama chini ya mti, anamwita mtu kwa jina lake, anajialika kwake siku ileile. Wakati huo Zakayo hajarudisha hata senti. Ahadi ya kutoa nusu ya mali na kulipa mara nne inakuja baada ya hapo, kwa furaha ya mtu aliyekwisha kupokewa. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini mfikirie yule aliye chini ya marudi ya kanisa, anayeketi benchi la nyuma au kusikiliza akiwa nje karibu na dirisha. Mahubiri ya kwanza yanamwambia ajisafishe kwanza ndipo aje. Ya pili yanamwambia kwamba Bwana amesimama chini ya mti wake na anajua jina lake.

Eneo lenye vishawishi vingi zaidi ni siku ya mavuno. Watu wamebeba mikungu ya ndizi, maharage, kuku. Baada ya ibada kuna mnada nje. Kanisa lina paa la kumalizia. Mwongozaji anafungua Malaki 3:10, mstari wa zaka na madirisha ya mbinguni, na mara ibada inakuwa biashara: toa hiki, upate kile. Mama aliyekuja na debe moja la viazi anarudi nyumbani akiamini kwamba mbuzi wake alikufa kwa sababu zaka yake ilipungua. Hilo tunalisema bila kuzunguka: Malaki hakutumwa kumtwisha mama huyo mzigo huo. Panda mistari minne juu, hadi Malaki 3:6. Pale Mungu anasema yeye habadiliki, na kwa sababu hiyo wana wa Yakobo hawakuangamizwa, ingawa walistahili. Injili ya sura hiyo imekaa hapo, na mara nyingi tunairuka tukiwahi madirisha.

Afadhali zaidi msome Mtume Paulo. Katika 2 Wakorintho sura ya 8 anachangisha fedha kwa ajili ya waamini wenye shida Yerusalemu, kazi ileile ya kamati zetu za ujenzi. Anawataja Wamakedonia waliotoa wakiwa maskini. Katika mstari wa 8 anakana kwamba anatoa amri, na katika mstari wa 9 anaweka sababu yake: Kristo alikuwa tajiri, akawa maskini kwa ajili yao. Mstari wa 12 unaongeza kwamba kipaji hupokelewa kwa kadiri ya kile mtu alicho nacho, si kwa kile asichonacho. Ukimsomea hayo mama wa debe la viazi, bado atatoa. Ila atarudi nyumbani bila hofu.

Tukisema hivi wapo wanaodhani Sheria iwekwe kando. Hapana. Anayesogeza mpaka wa shamba la mjane usiku anahitaji kusikia amri ya saba ikisomwa wazi, bila kupakwa asali. Akianza kulala vibaya kwa sababu ya dhambi yake, huyo sasa ndiye wa kupewa Injili. Ukigeuza dawa hizo, mkaidi anabembelezwa na aliyevunjika moyo anapigwa tena.

Luka 13:6-9 inaonyesha zote mbili zikiwa shamba moja. Mtini umekaa miaka mitatu bila tunda, mwenye shamba anataka ukatwe, kwani unakula udongo bure. Mkulima wa Rungwe mwenye mgomba usiozaa anamwelewa kabisa. Lakini mtunza shamba anaomba mwaka mmoja tena, na kazi anaibeba yeye: atapalilia kuuzunguka, atatia samadi. Mti haukuambiwa ujitafutie mbolea. Hata hivyo mfano haufuti shoka, na mhubiri naye asilifiche.

Tahadhari moja: kumtafuta Kristo katika Maandiko si kubahatisha mafumbo. Si kila kamba nyekundu ni damu, wala kila fimbo si msalaba. Luther mwenyewe alipenda mafumbo ya namna hiyo ujanani, baadaye akayapunguza na kushikilia maana ya wazi ya maneno. Ikiwa somo lako ni Amri Kumi, anzia Kutoka 20:2: Mungu anajitambulisha kwamba ndiye aliyewatoa utumwani Misri, ndipo zinafuata amri. Wokovu ulitangulia, na wala hukulazimika kutafuta fumbo.

Yako pia masomo ambayo Injili ndani yake ni kidogo kama cheche. Zaburi ya 88 ni mojawapo. Mwombaji analia kuanzia juu hadi chini, na zaburi inaishia gizani. Lakini mstari wa kwanza unamwita Mungu kuwa ni wa wokovu wake. Tunaitaja kwa sababu ya misiba. Pale panapozikwa kijana, familia haihitaji kuulizwa marehemu alikuwa ametubu au la, na haihitaji kuambiwa walikosa imani. Mwongozaji anaweza kuisoma Zaburi hiyo yote, polepole, akawaonyesha waliofiwa kwamba kilio chao kimo ndani ya Biblia na kwamba aliyelia hivyo alikuwa bado anazungumza na Mungu wake. Kisha afungue Yohana 11, pale Yesu anapofika kwenye kaburi la rafiki yake na kulia kabla ya kumwita atoke.

Masomo ya kila Jumapili yamo katika Kalenda ya KKKT, pamoja na wazo kuu la siku. Ukiyasoma kuanzia Jumatatu utakuwa na muda wa kumpigia mchungaji wako kabla ya Jumamosi, pale utakapokwama.