Lugha ya Jirani

Apitaye asubuhi katika mtaa wa Lumumba, mjini Bunia, husikia lugha nyingi kabla hajafika mbali. Huyu amsalimu mwenzake kwa Kilendu, yule kwa Kialuri, wengine kwa Kihema au Kibira. Lakini wakianza kuulizana bei ya mihogo, wote huingia katika Kiswahili. Lugha hiyo si mali ya kabila moja la Ituri. Ililetwa Kongo ya mashariki katika karne ya 19 na misafara ya wafanya biashara wa pwani na Unguja, ikaitwa Kingwana. Baadaye machimbo ya dhahabu ya Kilo yakakusanya watu wa kila upande, nao wakahitaji kuelewana.

Basi, je, wenye lugha moja hawagombani? Historia yatufundisha vingine. Wahema wa kaskazini na Walendu wote husema Kilendu. Hata hivyo, tangu 1999 mpaka 2003 vita viliwatenga, vikafika hata mitaani mwa Bunia, na watu maelfu kwa maelfu wakafa. Sababu zilikuwa nyingi: mashamba, dhahabu, silaha zilizotoka nje. Lakini twaona wazi kwamba ulimi mmoja hautoshi, kama sikio na moyo vimefungwa.

Kusikilizana kwa kweli huanzaje? Tuvuke Ziwa Alberti, twende Uganda, tukatazame mfano.

Mwaka 1868 Askofu Mkuu Lavigerie wa Algiers alianzisha shirika la Wamisionari wa Afrika, waitwao Mapadre Weupe. Aliwaagiza wale chakula cha wenyeji, wavae mavazi yao, na baada ya miezi sita wasiseme, hata wao kwa wao, ila lugha ya wenyeji. Agizo gumu kweli! Mtu mzima mwenye elimu akubali kuwa kama mtoto, akosee maneno na kuchekwa.

Februari 1879 Padre Siméon Lourdel alifika Uganda pamoja na Bruda Amans. Barazani kwa Kabaka Mutesa Kiswahili kilikuwa kimekwisha kujulikana, lakini Padre hakuridhika nacho, alijifunza Kiganda. Nao Waganda, waliposikia akiitwa kwa Kifaransa mon père, yaani baba yangu, walitamka Mapeera. Hakusema, "Mmekosea." Alikuwa Mapeera mpaka kufa kwake mwaka 1890, na hata leo Waganda wamjua kwa jina hilo.

Novemba 1882 mapadre waliondoka Uganda kwa ajili ya hatari, wakaenda kusini ya Ziwa Viktoria. Waliporudi Julai 1885, kumbe, Kanisa halikufa! Waumini walikuwa wamefundishana wenyewe kwa lugha yao, na hesabu yao ilikuwa imeongezeka. Katika taifa hilo changa walitoka Mashahidi 22, ambao Papa Paulo VI aliwatangaza Watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964. Kama imani ingalibaki katika lugha ya wageni tu, labda ingaliondoka pamoja na wageni.

Ndivyo ilivyokuwa siku ya Pentekoste. Roho Mtakatifu hakuwalazimisha watu wa mataifa kujifunza kwanza lugha ya Mitume. Kila mmoja alisikia habari njema katika lugha yake mwenyewe.

Basi, ndugu, tuanze na jambo dogo. Jifunze salamu ya jirani yako, wala usiikate kwa haraka. Muulize habari za watoto na za shamba. Akisema neno linalokuuma, mwache amalize, ndipo umjibu. Mtaa huo wa Bunia wachukua jina la Patrice Lumumba, mtu aliyezaliwa Onalua, mbali sana na Ituri. Tukiweza kulipokea jina la mtu wa mbali, tutashindwaje kumpokea yule ambaye twagawana naye maji na njia?