Mzee Verckys na vijana wasiokuwa na gitaa

Verckys Kiamuangana Mateta alifariki Kinshasa tarehe 13 Oktoba 2022, akiwa na miaka 78. Wengi wanamkumbuka kwa saksofoni yake. Hata jina la Verckys lilitoka huko: alimpenda mpiga saksofoni wa Marekani, King Curtis, akalisikia vibaya jina la Curtis. Lakini kwa maoni yangu kazi yake kubwa ilikuwa kulea wanamuziki vijana, na kazi hiyo ilikuwa na bei.

Alizaliwa Kisantu mwaka wa 1944, akaingia OK Jazz ya Franco mwaka wa 1963. Mwaka wa 1968 Franco alikuwa safarini Ulaya. Huku nyuma Verckys akaingia studio kimya kimya na baadhi ya wenzake, wakarekodi nyimbo zao wenyewe. Franco aliporudi, ugomvi ukawaka. Mwaka uliofuata Verckys akatoka, akaanzisha orkestra Vévé, na pia nyumba ya kutoa diski yenye jina hilohilo.

Hapo ndipo milango ilifunguka kwa vijana. Wakati ule kijana wa Kinshasa aliweza kuwa na sauti nzuri na mashairi mazuri, lakini gitaa za umeme, ngoma na vipaza sauti vilitoka ng'ambo na bei yake ilikuwa mbali na mfuko wake. Verckys alikuwa navyo. Aliwapa vijana vyombo, akawaingiza studio, akatoa diski zao. Bella Bella ya ndugu wawili Soki ilipita kwake, Lipua Lipua na orkestra Kiam pia, hata Zaïko Langa Langa ilitoa diski kwake. Redio ya taifa ilizicheza nyimbo hizo, zikafika mpaka huku kwetu Kivu, nasi tukazicheza bila kuelewa kila neno la Kilingala.

Sasa tuseme bei. Vyombo vilikuwa vya patron. Mwimbaji akikosana naye, anaondoka na sauti yake tu. Gitaa linabaki, na wenzake pengine wanabaki nalo. Ndugu Soki walipotaka kujitegemea, Nyboma, mwimbaji wao kijana, alibaki kwa Verckys, naye akaongoza Lipua Lipua. Ajabu ni kwamba Verckys mwenyewe alikuwa amemkimbia Franco ili awe bwana wa nyimbo zake.

Simlaumu mzee. Bila yeye, sauti nyingi zingeishia uani. Ila leo, kijana aliyekimbia vita na kufika mjini na nguo alizovaa tu, akiambiwa na mwenye studio "njoo, nitakurekodi bure", aulize mapema: wimbo utaandikwa kwa jina la nani? Nikiondoka, naondoka na nini?

Nyboma aliondoka. Wimbo wake Kamale ulikuwa umependwa sana, akalipa jina hilo kundi lake jipya. Baadaye akaenda Afrika ya Magharibi, kisha Paris. Huko, mwaka wa 1982, aliungana na Syran Mbenza, Bopol Mansiamina na Wuta Mayi. Kundi lao waliliita Les Quatre Étoiles, yaani nyota nne.