Tuseme Sawasawa: Viza na kibali cha ukaazi

Mawakala wanaowahudumia wageni wanaohamia Tanzania wamezoea kuahidi "viza ya makazi". Wanakosea. Viza, neno lenye asili ya Kilatini, maana yake "iliyoonwa", yaani hati iliyokaguliwa, ni ruhusa ya kuingia nchini. Anayetaka kuishi huomba kibali cha ukaazi Idara ya Uhamiaji: daraja A kwa mwekezaji au aliyejiajiri, B kwa mwajiriwa, C kwa wengine, wakiwamo wanafunzi na wamisionari. Mwajiriwa anahitaji pia kibali cha kazi, ambacho hutolewa na Kamishna wa Kazi.

Na makazi je? Hayo ni mahali mtu anapoishi. Ukaazi ni hali ya kuishi pale, wala si uraia. Ndugu mawakala, andikeni "kibali cha ukaazi". Mgeni akipotoshwa, atakayejieleza uhamiaji ni yeye.