Ukatili katika Filamu za Vibonzo na Hadhira ya Watoto: Kutoka kwa Mtambaji hadi kwa Bodi ya Uainishaji

Utangulizi

Suala la iwapo watoto wadogo wanafaa kusimuliwa visa vya umwagaji damu ni kongwe kuliko sinema. Katika kitabu cha pili cha Jamhuri, Plato alishikilia kwamba kisa cha Cronus, aliyemkata baba yake Uranus na kumpokonya enzi, hakifai kusimuliwa vijana hata kama kina maana iliyofichika, kwa sababu mtoto hana uwezo wa kutenganisha jazanda na jambo lenyewe. Aliwataka akina mama na yaya wawasimulie watoto hadithi zilizokwisha kuidhinishwa pekee. Hoja hiyo ina nguzo mbili: kwamba mtoto huamini anachosikia, na kwamba mzazi ndiye mlango ambamo hadithi hupitia ili imfikie.

Makala haya yanafuatilia jinsi mlango huo ulivyohama kutoka kwa msimulizi hadi kwa kitabu, kisha kwa ukumbi wa sinema na bodi za uainishaji. Yanadai kwamba katika kuhama huko swali lenyewe lilibadilika. Wazazi waliokuwa wakijiuliza ni vipi jambo la kutisha lisimuliwe, sasa wanauliza ni kiasi gani cha ukatili kinaonyeshwa. Swali hili la pili ni rahisi zaidi kulijibu kwa tarakimu, lakini halitoshi kumwongoza mzazi, wala mhakiki wa fasihi ya watoto.

Mtambaji, Mama na Kitabu

Ngano za Afrika Mashariki hazikuwahi kuwa na haya mbele ya ukatili. Zimwi humeza watu na mifugo ya kijiji kizima. Sungura humponza Fisi hadi akapigwa au akauawa. Hata hivyo, ukatili huo ulikuwa na mipaka yake ya kifani. Katika ngano nyingi za zimwi, mwana aliyesalia huliua dubwana hilo, kidole chake hukatwa, na waliomezwa hutoka wakiwa hai. Fauka ya hayo, utendaji wenyewe ulikuwa kinga. Mwito wa “Paukwa!” na jibu la “Pakawa!” uliitenga dunia ya hadithi na dunia ya kawaida. Mtambaji aliziona nyuso za hadhira yake. Mtoto akianza kutetemeka, aliweza kuingiza wimbo, kuifupisha safari ya zimwi au kulifanya liwe jinga la kuchekwa. Hadithi iliyosimuliwa wajukuu wa miaka minne haikuwa sawa na ile waliyosimuliwa kaka zao, ingawa jina lake lilikuwa moja.

Barani Ulaya, kuvunjika kwa uhusiano huu kunadhihirika katika historia ya mkusanyiko wa ndugu Jacob na Wilhelm Grimm, ambao juzuu yake ya kwanza ilitolewa mwaka 1812. Miongoni mwa hadithi zake ilikuwamo moja fupi ya watoto waliocheza mchezo wa kuchinja, mmoja akamchinja mwenzake. Mwaka 1813 Achim von Arnim, rafiki wa ndugu hao, aliwaandikia kuwaarifu kwamba mama mmoja alilalamika kuwa hawezi kuwapa wanawe kitabu chenye kisa hicho. Wilhelm alijibu kwamba yeye mwenyewe alisimuliwa kisa hicho na mama yake utotoni, nacho kilimfanya awe mwangalifu katika michezo.

Pande zote mbili za mjadala wa leo zimo katika barua hizo. Jambo ambalo halikutajwa ni kwamba akina mama hao wawili hawakuwa katika hali moja. Mama wa Wilhelm alikisimulia kisa kwa kinywa chake, mbele ya mtoto aliyemjua. Yule wa pili alitakiwa kuwakabidhi wanawe maandishi yasiyoweza kuona nani anayasoma. Katika toleo la pili la mwaka 1819 kisa hicho kiliondolewa. Katika toleo hilo hilo, mama mzazi aliyetaka kumuua Snow White aligeuzwa kuwa mama wa kambo. Lakini adhabu ya malkia huyo, ya kucheza ngoma ndani ya viatu vya chuma kilichochomwa moto hadi afe, ilibakia. Ni wazi kwamba wahariri hao hawakukiona kiasi cha ukatili kuwa ndicho tatizo. Walichokiondoa ni kisa kisicho na adhabu ya haki. Walichokibadilisha ni uhusiano wa mtendaji na mtendwa.

Sinema na Kizuizi cha Umri

Kisa hicho ndicho Walt Disney alichokichagua kwa filamu yake ndefu ya kwanza ya vibonzo, Snow White and the Seven Dwarfs, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza mwezi Desemba 1937. Viatu vya moto viliondolewa. Malkia anaanguka kutoka jabalini baada ya radi kupiga, na tai wanashuka polepole kumfuata. Licha ya upunguzaji huo, bodi ya ukaguzi wa filamu ya Uingereza iliipa daraja la A mwaka 1938, kwa maana kwamba mtoto asingeingia ukumbini bila mtu mzima. Kwa hakika, bodi hiyo ilikuwa ikijaribu kumrudisha mzazi kando ya mtoto. Lakini mzazi aliyeketi gizani hakuwa mtambaji. Hakuweza kuifupisha safari ya malkia wala kumwekea mzaha.

Radi ile inastahili kuzingatiwa kifani. Katika Grimm, malkia anaadhibiwa na watu. Katika filamu hakuna anayemuua. Mbinu hii imekuwa kaida: Gaston katika Beauty and the Beast (1991) anaanguka pia, na shujaa anabaki na mikono safi. Kaida hii humwondolea shujaa lawama, lakini pia huufanya ukatili usiwe na mwenyewe. Mtoto anayeuliza ni nani aliyemuua hupewa jibu kwamba ameanguka tu.

Nchini Marekani, mfumo wa madaraja ulianzishwa mwaka 1968, herufi G ikiashiria filamu inayofaa watu wa rika zote. Nchini Kenya, ukaguzi wa filamu ulipewa msingi wa kisheria na Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani ya mwaka 1962, na uainishaji kwa umri ukafuata mkondo huo huo. Madaraja haya yanamsaidia mzazi asiyeijua filamu, lakini yana kasoro ya kimsingi ya kupima kinachoonekana kuliko kinachomaanishwa. Mwaka 1985, The Black Cauldron ilikatwa takriban dakika 12 kwa kuhofiwa kuwa inatisha mno, na bado ikawa filamu ya kwanza ya vibonzo ya Disney kunyimwa daraja la G. Inasahaulika upesi. Bambi ya mwaka 1942, ambamo mauti ya mama hayaonyeshwi kabisa bali husikika kwa mlio wa bunduki, ingali inakumbukwa kwa majonzi na watu walioiona utotoni.

Kifo cha Mufasa

Mfano unaoudhihirisha udhaifu huo zaidi ni The Lion King ya mwaka 1994, iliyopewa daraja la G. Filamu hii ina uhusiano wa moja kwa moja na Kiswahili kupitia majina ya Simba, Rafiki na Pumbaa. Kwa mtoto aliyelelewa na ngano, simba si jina la mtu. Ni yule mnyama mwenye nguvu ambaye Sungura humdanganya na kumcheka. Filamu inamtaka mtoto huyo amlilie simba. Tofauti na Bambi, hapa maiti ya mzazi inaonekana: mwana anaivuta, anaiita, kisha anajilaza chini ya mkono wake.

Hata hivyo, pigo zito zaidi katika tukio hilo halina damu. Ni pale Scar anapomwambia mwana kwamba yeye ndiye aliyesababisha kifo cha baba yake. Mtoto wa miaka minne, ambaye kwa tabia ya umri wake huwa mwepesi wa kuamini kwamba mawazo yake yanaweza kudhuru wengine, anakutana na mtu mzima anayemthibitishia hofu hiyo. Hakuna kipimo cha dakika za mapigano kinachoweza kulinasa tukio hili. Filamu yenyewe inalijibu, kwani Scar anakiri ukweli kabla ya mwisho. Lakini jibu hilo linachelewa sana, na mtoto aliyetolewa ukumbini akilia hubaki na shtaka bila kusikia utetezi.

Watafiti na Tarakimu

Mnamo 1963 Albert Bandura na wenzake walionyesha kwamba watoto wadogo waliomwona mtu akipiga mwanasesere, ana kwa ana, katika filamu, au akiwa amevaa kama paka wa vibonzo, waliiga mapigo hayo. Katika uchunguzi mwingine wa mwaka huo, uigaji ulipungua pale mpigaji alipoadhibiwa. Mwaka 2000, Fumie Yokota na Kimberly Thompson walichunguza filamu 74 za vibonzo za daraja la G zilizotolewa kati ya 1937 na 1999. Hakuna hata moja iliyokosa ukatili. Mwaka 2014, Ian Colman na wenzake walilinganisha filamu 45 za vibonzo vya watoto na 90 za tamthilia za watu wazima, wakapata kwamba wahusika wakuu wa filamu za watoto walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kufa, takriban mara 2.5.

Matokeo hayo yanambana mzazi anayetafuta filamu isiyo na ukatili: kwa kiasi kikubwa haipo. Kwa upande mwingine, Bruno Bettelheim alidai mwaka 1976 kwamba hadithi za kutisha humpa mtoto umbo la kuzikabili hofu alizo nazo tayari, na akaonya kwamba picha humnyima nafasi ya kujichorea zimwi lake mwenyewe. Mtoto anayesikiliza hulichora zimwi kwa ukubwa anaoweza kuustahimili. Skrini humpa zimwi la kipimo kimoja na wenzake wote.

Hitimisho

Hoja za Bandura na Bettelheim hazifutani. Zote zinaonyesha kwamba uzito wa ukatili hutegemea matokeo yake ndani ya kisa na hali ya anayeupokea. Mambo hayo ndiyo mtambaji aliyashika mkononi mwake, na ndiyo daraja la umri lisiyoweza kuyapima. Ujio wa kanda za video, na baadaye vifaa vya kidijitali, ulimrudishia mzazi uwezo wa kusimamisha hadithi, kuuliza swali na kuendelea. Lakini vifaa hivyo hivyo ndivyo hutumiwa kumwacha mtoto peke yake mbele ya skrini, akirudia tukio lile lile la kifo mara kumi bila mtu wa kumjibu. Wahakiki wa fasihi ya watoto nao hawana budi kuisoma filamu ya vibonzo kama utendaji usio na fanani, na kuchunguza ni nani nyumbani anayeichukua nafasi yake iliyo wazi.