Mtaro, Namba Moja

Katika mkutano mkuu wa mtaa wetu, suala la vipaumbele huachwa mwisho, wakati jua limeshahamia kwenye viti vya plastiki na nusu ya watu wameshaondoka. Mara ya mwisho nilipohudhuria nilikabidhiwa kalamu ya wino mzito. Mtendaji alisema mimi nimesoma, mwandiko wangu utasomeka. Nikaandika kwenye karatasi kubwa iliyobandikwa ukutani: 1. Mtaro. 2. Taa za barabarani. 3. Matundu ya vyoo, shule ya msingi.

Mzee mmoja aliyekaa karibu na mlango akanyoosha mkono. "Mjukuu wangu," akaniambia, "hiyo namba moja tuliiandika ukiwa hujazaliwa. Si vibaya kuiandika tena. Ila ujue, kuandika siyo kupanga."

Watu walicheka, na mimi nikacheka nao. Lakini nilirudi nyumbani na swali lake. Kama sisi tunaandika tu, nani hupanga?

Kwa utaratibu uliopo, jibu ni rahisi. Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Miezi mingi kabla ya hapo mitaa huibua mahitaji yake, Kamati ya Maendeleo ya Kata huyachuja, wataalamu wa halmashauri huyaingiza katika mpango, na Baraza la Madiwani huupitisha. Kisha makabrasha hupanda mkoani, TAMISEMI, na mwishowe bungeni. Njia hii ya kuanzia chini ilianza kutumika mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa jina la Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo.

Ila wakati karatasi yetu inapanda, kuna nyingine inashuka: mwongozo wa bajeti, pamoja na ukomo wake. Mishahara ina fungu lake. Ruzuku huja na maelekezo yake. Hata katika mapato ya ndani, sheria imeshatenga asilimia 10 kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mtaro, taa na vyoo hukutana kwenye kile kinachobaki, na huko hukutana na mitaro ya mitaa mingine yote.

Nilipoanza kusoma historia ya Dar es Salaam, niligundua kwamba swali la mzee ni la zamani kuliko mzee mwenyewe. Wakoloni waliugawa mji katika Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na mgawanyo huo ulikuwa bajeti tosha: ulionyesha bomba na lami vitaanzia wapi na vitaishia wapi. Mji ulipata hadhi ya manispaa mwaka 1949 na ya jiji mwaka 1961, ukiwa umeshampata Mwafrika wake wa kwanza katika kiti cha meya, Amri Abedi.

Kisha baraza lenyewe likafutwa. Mwaka 1972, kwa sera ya Madaraka Mikoani na kwa ushauri wa kampuni ya McKinsey ya Marekani, Serikali ilianza kuzivunja serikali za mitaa na kuyaweka mamlaka mikononi mwa maofisa wa mikoa na wilaya. Lengo lilikuwa kuvisukuma vijiji mbele. Mijini, mitaro iliziba na taka zikalundikana. Mwaka 1977 kikazuka kipindupindu, na mwaka 1978 sheria ikarudisha mabaraza ya miji. Sidhani kama kuna diwani aliyewahi kuwa na hoja nzito kuliko kipindupindu.

Lakini sura ya historia hiyo ninayoirudia zaidi ni ya Tabata.

Katika miaka ya 1980 Halmashauri ya Jiji ilikuwa ikimwaga taka za Dar es Salaam Tabata, katikati ya makazi ya watu. Moshi, harufu na nzi viliingia majumbani. Mwaka 1988 wakazi, Joseph Kessy akiwa wa kwanza katika orodha ya majina, waliishtaki halmashauri yao Mahakama Kuu. Haki za binadamu zilikuwa zimeingizwa katika Katiba mwaka 1984, lakini ni mwaka huohuo wa 1988 ndipo zilipoanza kudaiwa mahakamani.

Wakazi walishinda. Halmashauri iliamriwa iache kumwaga taka Tabata na itafute mahali pengine. Haikuacha. Iliomba muda, ikaongezewa, ikaomba tena. Mwaka 1991 ombi lilifika mbele ya Jaji Lugakingira, akalikataa. Alishangaa chombo cha umma kusimama mahakamani kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira, na akakumbusha kwamba Ibara ya 14 ya Katiba inalinda haki ya kuishi.

Miaka mitatu nzima mahakama ilikuwa imesema, na dampo likaendelea kuwaka. Naamini halmashauri haikuwa na chuki na Tabata. Ilikuwa na taka nyingi, magari machache na mahali pamoja palipozoeleka. Kuhama kungedai fedha, na fedha hazina sauti mpaka mtu azisemee. Wakazi wa Tabata walizisemea kwa hati za mahakama.

Mwaka 1992, kwa msaada wa Umoja wa Mataifa, wadau wa jiji walikaa pamoja kupanga vipaumbele vya mradi wa kuboresha mazingira ya Dar es Salaam. Yalitajwa masuala tisa, miongoni mwake maji taka, msongamano wa magari, biashara ndogondogo na maeneo ya wazi. Namba moja ikawa taka ngumu. Wakati huo ilikadiriwa kwamba katika kila tani 100 za taka, zilizozolewa hazikufika hata 5. Namba moja hiyo haikuzaliwa ukumbini siku ile. Ilikuwa imeshafukiza Tabata kwa miaka.

Hata hivyo orodha nzuri haikuliokoa baraza. Mwaka 1996 Serikali ililivunja na kuweka Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja, hadi mwaka 2000 zilipozaliwa manispaa za Ilala, Kinondoni na Temeke.

Na zile taka? Hapa ndipo furaha yangu kwa ushindi wa Tabata hupungua. Dampo lilihamia Vingunguti, ambako nako watu waliishi. Baadaye likapelekwa Mtoni, kisha Pugu Kinyamwezi. Tabata ilijiondoa kwenye namba moja kwa haki kabisa, lakini jiji lililitekeleza agizo kwa kutafuta jirani mwingine. Waliokwenda mahakamani walisikilizwa. Waliopokea dampo hawakuwamo katika kesi.

Siku hizi, nikiusoma mpango wa mwaka wa halmashauri yoyote, siangalii tu kilichowekwa juu. Naangalia pia mzigo unatoka wapi na unashukia kwa nani.

Mkutano uliofuata nilikwenda mapema. Niliomba tuanze na yatokanayo: orodha ya mwaka jana ilifika kata? Ilifika barazani? Iliishia wapi? Mtendaji alikuwa na majibu mawili, la tatu akaahidi kulifuatilia, na mwenyekiti akaagiza ahadi hiyo iandikwe kwenye muhtasari. Halafu nikapewa tena kalamu. Nikaandika: 1. Mtaro.

Mzee alikuwa kwenye kiti chake karibu na mlango. Mtaa wetu uko mlimani kidogo. Chini yetu kuna bonde, na bondeni kuna nyumba ambazo watu wake wana mkutano wao na karatasi yao.

"Babu," nikamwuliza, "wakiuchimba, maji yataishia wapi?"

Alitazama bondeni kwa muda. "Liandike na hilo," akasema.

Nikaliandika chini ya namba moja, kwa herufi kubwa.