Staji katika kazi ya upatanisho
Vijana wetu wanaomaliza masomo wanatuuliza: staji katika shirika la upatanisho ni kazi gani? Tuchukue mfano wa Life & Peace Institute, iliyoanzishwa Uppsala, Uswidi, mwaka 1985, na ambayo imefanya kazi pia Kivu ya Kusini. Njia yake ni utafiti shirikishi: wafugaji na wakulima husikilizwa kila upande peke yake, maneno yao huandikwa, kisha wenyewe husomewa ili wasahihishe. Ndipo pande mbili hukutana.

Katika kazi kama hii, kijana wa staji anaweza kupewa kalamu. Akipunguza neno linalowauma watu wa kabila lake, upande wa pili utatambua, na kikao kitavunjika. Wazazi na wachungaji, kabla ya kumtuma, mfundisheni kuandika maneno ya jirani kwa haki.