Nyota Zinapopatana

Usiku wa giza, mwezi ukiwa bado haujatoka, simama kwenye mteremko wa Nguba utazame Ziwa Kivu. Taa zimetapakaa majini. Ni wavuvi wa sambaza: mitumbwi mitatu mitatu imefungwa pamoja kwa miti mirefu, taa zinaning'inia juu ya maji, samaki wanafuata mwanga mpaka wavuni. Kwa mbali taa za makundi mawili zinaweza kuonekana kama taa moja. Kundi moja likipita mbele ya jingine, ile taa moja inafifia, kisha inarudi kama ilivyokuwa. Hujaona mtumbwi wala mvuvi. Umeona mwanga ukipungua tu, na tayari unajua kule wako wawili.

Kuna nyota zinazojulikana kwa njia hiyo hiyo. Kijana mmoja wa hapa Bukavu, msomaji wa fizikia, alinijia na jina la Kifaransa la nyota hizo. "Papa, mu Kiswahili tunaiita je?"

Nikajibu haraka: nyota pacha. Si jibu baya. Nyota mbili za namna hiyo kwa kawaida hutoka katika wingu moja la gesi, kwa hiyo umri wake ni mmoja, kama Mbuyi na Kabanga wa Kasai au Kulwa na Doto wa Usukuma. Wataalamu wanazipenda kwa sababu hiyo hasa: zikitofautiana, huwezi kusingizia umri. Lakini pacha ni neno la kuzaliwa. Halisemi lolote kuhusu kuzibiana mwanga, na kijana hakuridhika.

Tukarudi kwenye kupatwa. Jua hupatwa, mwezi hupatwa, na mwaka 2016 jua lilipobaki kama pete juu ya Rujewa, kusini mwa Tanzania, watu walisema limepatwa kipete. Kitenzi hiki nimekipenda tangu utoto. Mtu hupatwa na homa, hupatwa na msiba. Jua nalo limepatwa, na wala hatuulizi limepatwa na nani. Jua ndilo linaloteseka; mwezi uliolifunika hautajwi hata kidogo.

Kwa nyota mbili zinazozungukana, hali hiyo haifai. Leo hii inaifunika ile, kesho ile inaifunika hii, zamu kwa zamu, bila kukosa. Kiswahili kina kiambishi cha mambo ya zamu: pigana, saidiana, fichana. Basi kitie kwenye pata. Nyota zinapatana.

Kijana alicheka. Sokoni Kadutu, mama wa maharagwe anapokuambia "ongeza kidogo, tupatane", hamfunikani, mnatafuta bei. Nairobi wakisema "tupatane saa nane" wanapanga kukutana. Ni kweli neno limeshashikwa na kazi nyingine. Kuna zinazokingana, ambalo halina utata, na mhariri wa kamusi angelichagua hilo. Mimi sikulichagua. Kukinga ni kuzuia tu, na nyota hizi hazizuii kitu: kila zinapofunikana ndipo zinapotoa siri.

Rudi ziwani uone. Ukijua mwendo wa mtumbwi, na ukihesabu muda unaochukua kuipita taa, umepata urefu wa mtumbwi bila kuusogelea. Nyota nazo hupimwa hivyo. Mwendo wake husomwa katika rangi za mwanga wake, na kutokana na mwendo hupatikana uzito. Muda wa kufunikana hutoa upana. CM Draconis, jozi ya vibete vyekundu, yaani nyota ndogo hafifu, huzungukana kwa saa 30 na nusu hivi. Mmoja ana uzito wa takribani 0.23 ya Jua, mwenzake 0.21, na kila mmoja ana upana wa karibu robo ya Jua.

Nimeandika uzito, na kijana alinikemea. Si uzito, ni masi. Katika mji wa parokia nyingi kama huu, neno hilo ni la hatari; ukiteleza kidogo, nyota za masi ndogo zinakuwa nyota za misa ndogo, ile ya alfajiri. Vitabu vya Tanzania vina tungamo, na hapo navua kofia. Kutungama ni kuganda, kushikamana. Nyota ni nini kama si gesi iliyotungama?

Sehemu kubwa ya kazi ya kuzitazama sasa imeachiwa darubini za angani, maana juu huko hakuna mawingu wala mapambazuko ya kukatiza hesabu. Kepler ilirushwa mwaka 2009, TESS mwaka 2018. TESS hukodolea macho kipande kimoja cha anga kwa siku 27 hivi, na katika miaka yake miwili ya kwanza tu zilikusanywa jozi 4,584 zinazopatwa. Data zake ziko wazi kwa yeyote, hata kwa kijana wa Bukavu, umeme ukiwapo.

Lakini kabla ya hizo kilikuwapo chombo chenye jina letu. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka 7 ya kujitawala, setilaiti ya Marekani ya kuchunguza eksirei ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Wakaiita Uhuru. Ndiyo iliyoonyesha kwamba chanzo cha eksirei Centaurus X-3 hutoweka kila baada ya siku 2 na saa chache, kwa sababu inapita nyuma ya nyota kubwa. Jina la Kiswahili lilifika angani. Habari za kilichoonekana ziliandikwa kwa lugha nyingine, na mpaka leo tunahangaika kuzisimulia.

Kuna jambo moja halijapatana bado. Vibete vyekundu vikipimwa, vingi vinaonekana vinene kuliko nadharia inavyotaka, kwa asilimia kadhaa. Wengi wanashuku usumaku na madoa. Kijana anataka kulifanyia kazi suala hilo, na daftari lake limejaa michoro ya mwanga: mstari tambarare, bonde, tambarare, bonde.

Jumamosi moja ya kiangazi tulikaa nje tukitazama kaskazini, upande wa Idjwi, ambako kundinyota la Joka, Draco, hupanda chini chini juu ya maji. CM Draconis haionekani kwa macho. Kijana alikuwa na simu mkononi, anapiga hesabu.

"Leo zinapatana saa ngapi?" nikamuuliza.

"Saa tano kasorobo," akasema, na hakucheka tena.